Nusu Saa ya Maji

Baba alinunua namba ya gari, tarakimu tatu,
kwa bei ya nyumba nzima kule Al-Khodh.
Walinzi wa wizarani waliijua namba kabla ya kumjua yeye;
geti lilipanda, mkono ukaenda kifuani.
Leo ni kitanda cha kumi na nne,
na hiyo imeandikwa kwa wino wa kufutika.

Binsi, muuguzi kutoka Kerala, humgeuza ubavu
kila baada ya saa mbili. Humwita "Baba",
neno pekee la Kiswahili alilolidaka kwetu.

Kiarabu kilimtoka kwanza, kile cha mihuri na mikutano,
kikamvuka kama kanzu iliyompwaya.
Kimebaki Kiswahili cha Ng'ambo, cha utotoni,
na ndani yake mna mtu mmoja tu:
"Rayya keshakula?"

Hatukumjibu.
Rayya ni dada yake. Miaka kumi na mmoja
jina hilo halikupita kwenye sinia letu.
Waligombana Samail kwa zamu ya falaji,
nusu saa ya maji kila siku ya nane,
ambayo bibi aliiacha kwa mdomo, bila maandishi.
Baba alikuwa na visima viwili vya mota Barka
na bwawa la kuogelea asilooga mtu.
Akaenda kwa kadhi. Akaleta mashahidi. Akashinda.
Siku ile tulichinja.
Mitende ya shangazi ikaanza kukauka makuti,
na sisi tunagombea maini.

Nasema "sisi" kwa sababu nami nilikula,
tena nilirudia.

Jana ukumbini kaka yangu Mundhir aliniuliza, kwa kunong'ona,
namba ya gari itaandikwa jina la nani.
Sikumkasirikia. Aliuliza huku machozi yanamtoka,
na sidhani kama alijua lipi limetangulia.

Usiku nikaipekua simu ya baba.
Majina mia tisa: Wakala Saruji, Mkurugenzi,
Mkurugenzi Mpya, Mtu wa Forodha (Usiku).
Rayya hamna.
Mwisho nikampigia msimamizi wa falaji,
mzee mwenye daftari la zamu. Akaenda kulifungua, nikayasikia makaratasi.
"Yumo," akasema. "Nilimkata kwa mstari mmoja.
Kumfuta sikuweza."

Akaja asubuhi kwa teksi, kavaa kanga chini ya abaya,
hana ua wala kikapu, ana chupa ya chai tu.
Mlangoni wakamwambia: mahututi huyu, mama. Nusu saa, basi.
Shangazi akacheka.
Akacheka mle ndani, mashine zikilia, mpaka mlinzi akageuka.
"Nusu saa! Zahran, ndugu yangu,
umenilipa."

Ndani ya chupa hamkuwa na chai.
Akachovya kidole, akampaka midomo, juu, chini,
kama anayemfuturisha mtoto.
Baba akafumbua jicho moja.
"Umekula?"
"Nimekula."
Hakuwa amekula. Ametoka nyumbani kabla ya alfajiri.

Nilidhani wataombana radhi; nilishasimama pembeni,
nimejiandaa kuliona jambo kubwa.
Yeye akamshika mkono, akaukagua, akanifokea mimi:
"Kucha gani hizi? Nyumba ina wafanyakazi wanne,
na mtu analala na kucha kama za kunguru!"
Akatoa mkasi mkobani.
Akaanza na kidole gumba, taratibu, akimsimulia
paka wao wa Ng'ambo aliyezaa ndani ya mtungi,
na kila kucha iliyodondoka
akaiweka kwenye leso, kana kwamba itahesabiwa.

Dakika ya thelathini na moja Binsi akachungulia.
Akaitazama saa ya ukutani, akatutazama sisi,
akaenda kwanza
kumgeuza mgonjwa mwengine.